Soko la vipuri: Kujaza gesi si kutengeneza kiyoyozi

Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi Desemba, biashara ya viyoyozi vya magari huchangamka katika ukanda wote wa pwani kaskazini mwa Dar es Salaam, kuanzia Mwenge, Tegeta na Bunju hadi Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini. Joto hupanda, unyevu wa hewa huzidi, na mwenye gari aliyejikimu kwa kufungua vioo wakati wote wa kusi huanza kumtafuta fundi. Akifika gereji, bidhaa ya kwanza anayoulizia ni gesi. Bidhaa ya kwanza anayouziwa pia ni gesi.

Hapo ndipo penye kasoro katika soko hili. Gesi ya kiyoyozi si petroli. Haiungui wala hailiki gari linapotembea. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikatoka na kurudi palepale, mwaka baada ya mwaka. Ni kweli kwamba kiasi kidogo mno hupenya kwenye mipira na kwenye sili ya kompresa kadiri gari linavyozeeka. Hata hivyo, gari linalodai gesi kila msimu, au kila baada ya miezi mitatu, halina njaa ya gesi. Lina tundu. Kulijaza gesi bila kulitafuta tundu hilo ni sawa na kuchota maji kwa ndoo iliyotoboka na kumlaumu mwenye kisima.

Katika ukanda huu wa pwani, desturi ya kuuza gesi badala ya kubadilisha kipuri kibovu imekuwa ni hasara kwa mteja, aibu kwa fundi na madhara kwa hewa. Inafaa wote wawili waiache, na mteja ndiye anayepaswa kuanza, kwa sababu fedha ni zake.

Jinsi ubaridi unavyopatikana

Ili mnunuzi ajue anachonunua, ni vema akaujua mzunguko wenyewe. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huisukuma gesi kwa nguvu hadi ikapata moto. Gesi hiyo huingia katika kondensa, yaani ule wavu wa mirija na mapezi ya alumini unaokaa mbele ya rejeta, ambamo hupozwa na upepo ikageuka kuwa kimiminika. Kimiminika hupita katika draya, chujio linalokamata unyevu na uchafu, kisha hufika kwenye vali ndogo inayopunguza msukumo wake ghafla. Kikishushiwa msukumo huwa baridi sana na kuingia katika evaporeta iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni hupuliza hewa juu ya evaporeta hiyo, abiria wakapata ubaridi, na gesi ikarudi kwenye kompresa kuanza safari upya.

Katika safari hiyo gesi haisafiri peke yake. Hubeba mafuta maalumu yanayoilainisha kompresa. Gesi inapovuja, mafuta nayo hutoka pamoja nayo, na ndiyo maana mahali palipotoboka mara nyingi huonekana doa la mafuta lililoshikana na vumbi. Fundi anayerudisha gesi bila kurudisha mafuta anaiacha kompresa ifanye kazi ikiwa kavu. Mara ya kwanza itavumilia. Mara ya tatu au ya nne itaanza kupiga kelele, na hatimaye itasaga vyuma vyake yenyewe.

Magari mengi yana swichi inayoizuia kompresa kuwaka gesi ikipungua mno. Swichi hiyo imewekwa kwa makusudi, ili kuiokoa kompresa. Fundi anayeunganisha waya kwa kuiruka swichi hiyo ili mteja aone kompresa inazunguka, anaondoa ulinzi pekee uliokuwa umebaki. Mteja huondoka akifurahia ubaridi wa siku mbili, bila kujua kwamba kipuri cha bei kubwa kuliko vyote katika mfumo huo kimeanza kuhesabiwa siku zake.

Chumvi ya pwani

Tatizo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa pwani. Kuanzia Kunduchi hadi Bagamoyo, na kupanda juu hadi Saadani ambako chumvi yenyewe huvunwa kwa kukausha maji ya bahari, upepo hubeba chembechembe za chumvi na kuzituliza juu ya kila chuma. Kondensa ndiyo inayoupokea upepo huo uso kwa uso. Imetengenezwa kwa alumini nyembamba ili ipoe haraka, na alumini iliyokaa na chumvi pamoja na unyevu huliwa kwa vitundu vidogo vidogo. Mapezi huanza kumeguka kama majani makavu, kisha mirija hutoboka. Mawe yanayorushwa na malori njiani humalizia kazi.

Aidha, unyevu wa hewa ya pwani unaongeza kazi kwa kiyoyozi chenyewe. Kabla ya kuipoza hewa ya ndani ya gari, evaporeta hulazimika kwanza kuutoa mvuke uliomo. Maji yanayodondoka chini ya gari lililoegeshwa ndiyo ushahidi wa kazi hiyo. Kwa hiyo mfumo uliopungukiwa kidogo, ambao ungeweza kumridhisha dereva wa Njombe au Arusha, hauwezi kumridhisha dereva wa Bagamoyo mwezi Februari saa nane mchana.

Yapo pia makosa yasiyohusiana kabisa na gesi. Gari linalotoa ubaridi likiwa mbioni na kuuacha likisimama kwenye foleni ya Tegeta, mara nyingi lina feni ya kondensa isiyozunguka, au kondensa iliyojaa vumbi na takataka. Kuliongezea gesi gari kama hilo ni kulizidishia msukumo ambao tayari umepita kiasi. Kipuri kinachotakiwa hapo ni mota ya feni, pengine fyuzi au rilei tu, na wakati mwingine ni maji safi na mkono wenye subira.

Hesabu ya mwenye gari

Watetezi wa desturi ya kujaza gesi wana hoja moja kubwa, nayo ni bei. Husema kwamba mteja hana fedha za kondensa leo, bali anazo za gesi. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Mwenye Noah anayepeleka wageni kwenye magofu ya Kaole na hoteli za ufukweni hulipwa kwa safari, na gari likilala gereji siku mbili, nyumbani nako kunalala njaa. Akiambiwa achague kati ya ubaridi wa leo kwa fedha kidogo na matengenezo ya kweli kwa fedha nyingi, atachagua ubaridi wa leo.

Lakini hesabu yenyewe haimuungi mkono. Huu ni mfano wa hesabu tu, si bei ya duka lolote. Tuseme kujaza gesi ni Sh 70,000, na gari linavuja kiasi cha kujazwa mara tatu kwa mwaka. Mwaka mmoja ni Sh 210,000, miaka miwili ni Sh 420,000. Tuseme tena kwamba kondensa mpya, draya, kazi ya fundi, kunyonya hewa na gesi ya mara moja vinafika Sh 400,000. Katika mwaka wa pili mteja wa gesi amekwisha kulipa zaidi ya mteja wa kipuri, na tundu lake bado lipo. Kompresa ikifa kwa kukosa mafuta, anaongeza bei ya kompresa juu ya yote hayo. Kila mwenye gari anaweza kuziweka stakabadhi zake mezani, akaondoa tarakimu hizi na kutia zake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Njia ya tatu ipo, ingawa haisemwi sana gerejini kwa sababu haina faida kwa muuzaji. Mteja asiye na fedha za kipuri anaweza kulipia uchunguzi tu, akajua tundu liko wapi, akazima kiyoyozi na kufungua vioo hadi apate fedha. Huo si ushamba. Ni uamuzi wa kibiashara wenye busara kuliko kununua gesi ya kumwaga hewani. Sharti ni kwamba mfumo usiachwe wazi, kwa kuwa hewa ya pwani yenye unyevu ikiingia ndani huchanganyika na mafuta na kuzaa tindikali inayokula vipuri vilivyobaki.

Kipuri kipi, na pamoja na nini

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 kilio cha mwenye gari nchini kilikuwa ni kukosa kipuri. Tangu serikali ilipofungua mlango mwaka 1984 kwa wafanyabiashara kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na mageuzi ya uchumi yaliyofuata mwaka 1986, kilio hicho kilipungua mwaka hadi mwaka. Leo maduka ya Gerezani na Kariakoo yamejaa. Tatizo la sasa ni kuchagua, na anayechagua kwa kutazama bei peke yake hujikuta akinunua mara mbili. Wahenga walikwisha sema, rahisi huvunja upishi.

Vipuri vya kiyoyozi huuzwa kwa namna tatu: vipya vya kampuni iliyotengeneza gari au ya daraja hilo, vipya vya kuiga, na vya mtumba vilivyofunguliwa kwenye magari ya Japani au kuletwa kupitia Dubai. Kila namna ina mahali pake. Kompresa ya mtumba iliyotunzwa vizuri, ikiwa matundu yake yamezibwa tangu ilipofunguliwa, inaweza kufanya kazi miaka mingi. Ile iliyokaa rafuni matundu wazi imekwisha kunywa unyevu, na mnunuzi anabahatisha. Kondensa ya mtumba kwa mkazi wa pwani haina maana, kwa sababu ndicho kipuri kinachochakaa kwa hali ya hewa na maisha yake mengi yamekwisha kutumika kwingine. Draya ya mtumba isinunuliwe kabisa, kwa bei yoyote. Kazi yake ni kunyonya unyevu, na ikishakaa wazi imekwisha shiba.

Kosa linaloumiza wengi ni kubadilisha kompresa iliyosagika na kuacha vingine vyote kama vilivyo. Vumbi la chuma kutoka kompresa ya zamani husukumwa hadi kwenye kondensa. Kondensa za magari ya siku hizi zina mirija myembamba mno, ambayo haisafishiki kwa uhakika. Kompresa mpya ikiwashwa, uchafu ule huzunguka na kuiua nayo. Mteja hurudi dukani akidai kauziwa kipuri feki, muuzaji anadai fundi hajui kazi, na fundi anadai gari lina mkosi. Ukweli ni kwamba kompresa ikifa kwa kusagika, kondensa na draya huenda nayo, na vali husafishwa au hubadilishwa. Bei ya kazi hiyo itajwe yote tangu mwanzo, mteja aamue akiwa anajua.

Magari yanayotumia umeme pamoja na petroli yameleta jambo jipya. Katika magari kama Toyota Prius iliyotoka mwaka 2003 na Aqua iliyotoka mwaka 2011, kompresa haizungushwi na mkanda bali na mota ya umeme wa volti zaidi ya 100 iliyomo ndani yake. Mafuta ya kompresa hiyo ni ya aina yake, yasiyopitisha umeme. Fundi akitia mafuta ya kawaida anayotia kwenye Corolla, anaharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa, na gari lote linaweza kugoma. Mwenye gari la namna hiyo asimkabidhi fundi asiyeweza kutaja jina la mafuta anayotia.

Gesi isiyo na jina

Kuna upande wa pili wa biashara hii, nao ni gesi yenyewe. Magari yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi ya R-12, ambayo iligunduliwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ndio uliopanga kuiondoa, na nchi zinazoendelea zilipewa hadi mwaka 2010 kuacha kabisa kuizalisha na kuitumia gesi za aina hiyo. Nafasi yake kwenye magari ilichukuliwa na R-134a, isiyodhuru ozoni, lakini ambayo kilo yake moja ikiachiwa hewani hupasha dunia joto mara 1,430 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa kwa kipimo cha miaka 100.

Kwa sababu hiyo, nchi za Umoja wa Ulaya ziliacha kuiruhusu katika magari mapya kuanzia mwaka 2017, na makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016 yanataka matumizi ya gesi za jamii hiyo yapunguzwe hatua kwa hatua duniani kote. Biashara ya pwani haiwezi kukaa nje ya mabadiliko hayo. Gesi ikipunguzwa viwandani, haitarajiwi kuwa rahisi dukani, na anayetegemea kuimwaga kila msimu ndiye atakayeumia kwanza. Magari mapya tayari yanakuja na gesi nyingine, R-1234yf, na yakifika bandarini kama mtumba mafundi watapaswa kuijua.

Jambo la hatari zaidi ni mitungi isiyo na jina, au yenye jina lisilolingana na kilichomo. Gesi zinazowaka, za jamii ya gesi ya kupikia, hutoa ubaridi mzuri na bei yake ni ndogo, hivyo huwavutia wachanganyaji. Evaporeta ya gari hukaa ndani, mbele ya magoti ya abiria. Ikitoboka, gesi hiyo hujaa mle mle wanamokaa watu, na cheche moja ya swichi inatosha. Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, na Shirika la Viwango wana kazi ya kufanya katika bidhaa hii. Hata hivyo, mteja asingoje wakaguzi. Aombe kuuona mtungi kabla haujafunguliwa.

Nani afanye nini

Fundi asilaumiwe peke yake. Kwa desturi ya soko letu, mteja hukubali kulipia kitu anachokiona, gesi au kipuri, na hukataa kulipia saa moja ya kutafuta tundu. Fundi aliyetumia saa hiyo kwa naitrojeni na povu la sabuni, akapata mahali panapovuja, huambiwa "hujafanya kitu, umeangalia tu". Ndipo naye hujifunza kuuza gesi. Mteja anayetaka kazi ya kweli akubali kwamba kujua ugonjwa ni nusu ya dawa, na nusu hiyo ina bei yake.

Wenye gereji nao wana deni. Pampu ya kunyonya hewa, geji sahihi na mizani ya kupimia gesi si anasa. Kila gari lina kibandiko chini ya boneti kinachotaja aina ya gesi na gramu zake, na gari dogo huhitaji gramu mia chache tu. Kujaza kwa kukisia mpaka bomba lishike baridi ni kubahatisha mali ya mtu. Mafundi wa gereji ndogo za Bagamoyo na Bunju wasioweza kununua mashine kila mmoja wanaweza kuchanga na kununua moja ya pamoja. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, ingefanya jambo la maana kwa kuwapelekea mafundi hawa mafunzo mafupi ya jioni, badala ya kungoja wafunge gereji na kwenda darasani.

Wauzaji wa vipuri, kwa upande wao, watoe stakabadhi yenye jina la kipuri, hali yake kama ni kipya au mtumba, na siku za dhamana. Muuzaji anayeogopa kuandika neno "mtumba" kwenye karatasi anajua anachokificha.

Na mwenye gari, kabla ya kutoa fedha, aulize maswali matatu. Panavuja wapi? Kipuri gani kinabadilishwa, na kipi kinakwenda pamoja nacho? Hewa itanyonywa kwa muda gani kabla ya gesi kutiwa? Nusu saa ni kiasi cha chini kinachokubalika, na kwa mfumo uliokaa wazi pwani ni zaidi. Fundi mwenye majibu apewe kazi. Asiye na majibu aachwe na mtungi wake.

Gari likishapona, tiba ya bei nafuu kuliko zote iko bombani. Kuiosha kondensa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kwa msukumo mdogo usiopinda mapezi, kila baada ya wiki chache, huondoa chumvi kabla haijala alumini. Wavuvi wa pwani hii wamezoea kuosha injini za mashua zao kwa maji ya kisima wanaporudi kutoka baharini. Mwenye gari anayeishi hatua chache kutoka ufuko huohuo naye afanye vivyo hivyo, na fedha alizokuwa akizimwaga hewani kila kaskazi zibaki mfukoni mwake.